Somo: Kukokotoa kani na mkazo wa kamba kwenye makapi (magurudumu ya kupitishia kamba)

Wanafunzi wengi hukariri kwamba "makapi mawili, kani nusu", kisha mtihani ukigeuza mchoro kidogo wanakwama. Kinachoamua si idadi ya makapi, bali ni vipande vingapi vya kamba vinaubeba mzigo. Tuchukue ndoo ya zege ya kilo 40 inayopandishwa ghorofani. Ncha moja ya kamba imefungwa kwenye boriti, kamba inashuka na kupita chini ya kapi linalotembea na ndoo, inapanda hadi kapi lililofungwa kwenye boriti, kisha inashuka mkononi mwa fundi. Kila kapi lina kilo 4, na g, yaani mvutano wa dunia, ni 10 N/kg.

Hatua ya 1. Chora, kisha andika T, yaani mkazo, kwenye kila kipande cha kamba. Kamba ikiwa moja, nyepesi, na makapi hayana msuguano, T ni ileile mwanzo hadi mwisho. Kamba ya pili ina mkazo wake. Ipe herufi nyingine.

Hatua ya 2. Zungushia duara ndoo pamoja na kapi lake. Hesabu vipande vinavyokatwa na duara hilo: viwili, vyote vinavuta juu. Kinachovuta chini ni uzito: 400 + 40 = 440 N.

Hatua ya 3. Vitu vikiwa vimetulia, au vikienda kwa kasi isiyobadilika, kani za juu na za chini ni sawa: 2T = 440, basi T = 220 N. Ndoo ikipanda mita 1, fundi anavuta mita 2 za kamba.

Hatua ya 4. Hii ndiyo hatua inayorukwa sana, nami naisisitiza kwa sababu boriti ikivunjika watu wanaumia. Boriti inabeba ncha iliyofungwa (220), kapi la juu lenye vipande viwili (440) na uzito wa kapi hilo (40): jumla 700 N. Hakiki: mzigo 440, mkono wa fundi 220, kapi la juu 40. Inakubali.

Hatua ya 5. Mfumo ukiwa na mchapuko, yaani kasi inabadilika, usawa hauhesabiki tena; tumia F = ma (kani ni tungamo mara mchapuko) kwa kila tungamo peke yake. Mfano, kilo 5 na kilo 3 kwenye ncha mbili za kamba iliyopita juu ya kapi moja jepesi: a = (50 − 30) ÷ 8 = 2.5 m/s². Kwa kilo 3, T − 30 = 3 × 2.5, hivyo T = 37.5 N. Kulabu ya kapi inabeba 75 N, wala si 80.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kazini tunavuta kwa nguvu kuliko hiyo 220. Tunakosea wapi?*

Marahaba. Hamkosei, ni msuguano. Mkivuta kwa 250 N hadi ndoo ipande mita 1, kazi yenu ni 250 × 2 = 500 J, na ndoo imepata 400 J. Ufanisi ni asilimia 80.

*Mpaka rangi amekaa kwenye kiti, kamba imepita kapi la juu, naye anajivuta mwenyewe. Yeye na kiti ni 800 N. T ni ngapi?*

Zungushia duara mtu na kiti pamoja. Vipande viwili vinakatwa, kile cha kiti na kile alichoshika, kwa hiyo T = 400 N na kulabu inabeba 800 N. Akimwachia mwenzake aliye chini avute, kinabaki kipande kimoja: T inakuwa 800 N, na kulabu 1,600 N! Kabla ya kubadilishana, kagueni kulabu.

*Mimi ni wa pwani. Jarari ya jahazi inahesabiwaje?*

Hapo kamba ni mbili. Henza, kamba ya kupandishia tanga, inashika foromali (mti unaobeba tanga), inapita kichwani mwa mlingoti na kushuka hadi gofia, yaani kapi lililofungwa kwenye ncha yake. Jarari, kamba wanayoivuta mabaharia, inazunguka kati ya gofia na kapi la chini. Tuseme foromali na tanga ni kilo 240. Mkazo wa henza ni 2,400 N. Duara lizungushie gofia: ikiwa vipande vinne vya jarari vinaivuta chini, kila kimoja ni 600 N, na mabaharia watatu wanagawana 200 N kila mmoja, ukiacha msuguano. Lakini kichwa cha mlingoti kinabeba henza pande mbili, 4,800 N, na kuongeza vipande vya jarari hakukipunguzii chochote.