Kumchagulia mhusika wako silaha ya mkononi, hatua kwa hatua

Kila Jumapili kuanzia saa tisa alasiri, meza ya barazani kwetu Shangani, Mtwara, hugeuka uwanja wa vita. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kupigana kwa dadu, toleo la tano, kwa kanuni za 2014, zile ambazo sehemu yake ya msingi ilitolewa kwa leseni huru mwaka 2023. Mimi ndiye mwendesha mchezo. Mashujaa ni kete za bao, maadui ni korosho za kukaanga, na sheria ya nyumba ni moja: ukiua, unakula.

Mpwa wangu alipojiunga, alikaa majuma matatu bila kuonja korosho hata moja. Alikuwa amefungua jedwali la silaha, akachagua upanga uliomvutia, akauandika kwa kalamu ya wino. Wachezaji wapya karibu wote huanza hivyo. Huu hapa utaratibu ninaowapitisha siku hizi kabla hawajaandika kitu.

Hatua ya 1: Mtazame mhusika kabla ya silaha

Kwa silaha za mkononi, angalia sifa mbili kwenye karatasi yako: nguvu na wepesi. Silaha nyingi za mkononi hutegemea nguvu, katika kupiga na katika madhara. Chache, ambazo mezani kwetu tunaziita za ustadi, zinakuruhusu kutumia wepesi badala yake, kama vile jambia, upanga mfupi, upanga wa kupinda na rapia, yaani ule upanga mwembamba wa kuchomea.

Mhusika wa mpwa wangu ni mwizi. Nguvu 8, ambayo kwenye dadu huhesabiwa −1. Wepesi 16, ambayo ni +3. Kwa kuwa amefunzwa silaha hizo anaongeza +2 kwenye kupiga. Alichagua upanga mrefu, dadu moja ya pande 8. Sasa mweke mbele ya adui mwenye kinga 13, yaani namba ambayo dadu ya kupiga pamoja na nyongeza zake lazima iifikie. Kwa upanga mrefu anaongeza +1 tu, kwa hiyo dadu ya pande 20 lazima itoe 12 au zaidi: nafasi 9 kati ya 20. Akipata, madhara ni wastani wa 4.5 kutoa 1, yaani 3.5. Akishika rapia, anaongeza +5, anahitaji 8 tu, nafasi 13 kati ya 20, na madhara ni 7.5. Katika mapigo 20 upanga mrefu utamletea pointi 31.5, rapia 97.5. Dadu ya madhara ni ile ile ya pande 8!

Tena, shambulio la kuvizia, yaani pigo lenye madhara ya ziada ambalo ndilo riziki ya mwizi, halikubali upanga mrefu. Linataka silaha ya ustadi au ya kupigia kwa mbali. Nilipomwonyesha hesabu hii alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. “Mjomba, kumbe ulikuwa unajua siku zote?” Nilikuwa najua. Lakini korosho zilikuwa zangu.

Hatua ya 2: Tafuta wastani, acha namba kubwa

Wastani wa dadu ni moja jumlisha upande mkubwa kabisa, gawa kwa mbili. Pande 6 ni 3.5, pande 8 ni 4.5, pande 12 ni 6.5. Shoka kubwa ni dadu moja ya pande 12. Upanga mkubwa ni dadu mbili za pande 6, wastani 7. Shoka hutoa 12 mara moja katika 12, upanga mara moja katika 36, ila shoka hutoa 1 mara nyingi vilevile na upanga haushuki chini ya 2. Tofauti ni nusu pointi. Fundi seremala wetu hataki kusikia, anataka shoka lake, na simlaumu. Angalia tu kama mhusika wako ni wa jamii ya watu wafupi: hizo silaha nzito atazirushia dadu mbili za kupiga na kuhesabu ile ndogo.

Hatua ya 3: Mkono wa pili utashika nini?

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, kwa sababu jedwali la silaha halikuonyeshi gharama ya mkono ulioujaza.

Ukishika ngao unapata +2 ya kinga. Inaonekana kitu kidogo. Chukua adui anayeongeza +4 kwenye kupiga. Mwenye deraya ya minyororo, kinga 16, atapigwa mara 9 katika 20. Akiongeza ngao, mara 7. Upande wa pili wa mizani, upanga mkubwa, unaojaza mikono yote miwili, unakupa pointi 2.5 zaidi ya upanga mrefu kwa kila pigo linalopata. Kama wewe ndiye unayesimama mlangoni wakati wenzako wanakimbia, mimi nasema ngao. Kama yupo mwingine wa kusimama mlangoni, shika upanga mkubwa.

Silaha mbili zinawezekana zikiwa zote nyepesi, mfano panga fupi mbili. Pigo la pili halipati nyongeza ya sifa kwenye madhara, na linakula kile kitendo cha ziada cha zamu yako. Kwa mwizi hiyo ni nafasi ya pili ya kuvizia kama pigo la kwanza limepotea. Panga la shambani, lile la kufyekea mikorosho, halimo kwenye jedwali. Sisi tunalihesabu kama kishoka, dadu ya pande 6, ila hatukubali lirushwe.

Silaha ndefu za mikono miwili humfikia adui aliye miraba miwili mbele yako, yaani futi 10. Lakini adui aliye karibu anaweza kurudi mraba mmoja bila kula pigo la bure la kumwadhibu anayekukimbia, maana bado yumo ndani ya urefu wako.

Hatua ya 4: Uliza adui ameumbwaje

Kila silaha hukata, huchoma au huponda. Miezi kadhaa iliyopita niliwaingiza wachezaji kwenye jumba la mawe ya matumbawe, nililolikopa kutoka Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani, nikawajazia viunzi vya mifupa vinavyotembea. Kiunzi kina kinga 13, pointi 13 za uhai, na madhara ya kuponda kwake huzidishwa mara mbili.

Mwenye nguvu 16 akishika rungu la chuma anapiga kwa dadu ya pande 6 jumlisha 3. Dadu ikitoa 4 ni 7, mara mbili 14: kiunzi kimekwisha. Kwa hiyo nusu ya mapigo yanayopata yanaua papo hapo, na mkono wa pili bado una ngao. Mtu huyo huyo akishika upanga mkubwa anahitaji 10 au zaidi kwenye dadu mbili, nafasi moja kati ya sita. Rungu ni sarafu 5 za dhahabu, upanga mkubwa 50.

Hata hivyo hatua hii haifuti ile ya kwanza. Mpwa wangu alitaka kukimbilia kirungu cha mti. Kwa nguvu zake, hata baada ya kuzidisha, kingempa wastani wa 3. Nikamwambia abaki na rapia.

Hatua ya 5: Beba cha kurusha

Mkuki hurushwa futi 20 bila taabu, jambia vilevile, fumo futi 30. Fundi hakuwa na hata kimoja siku walipovamiwa na ndege wakubwa. Alisimama na shoka lake akitazama juu, kama anayesubiri embe lidondoke.

Ukishamaliza, andika kwa penseli. Karatasi ya mpwa wangu sasa inasomeka hivi: rapia, +5, 1d8+3 (yaani dadu moja ya pande 8 jumlisha 3), kuchoma; majambia mawili, +5, 1d4+3, kuchoma, futi 20. Jumapili iliyopita alikula korosho nne, na nikamkamata akinyemelea ya tano ambayo ilikuwa bado hai.