Kubadili rejeta ya hita nyumbani bila kuua dashibodi

Magari mengi yanayopanda Njombe na Makete yameishi Dar kwanza, na kule hita haina kazi. Swichi inakaa kwenye baridi miaka na miaka, mtu anajazia maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), na kutu inajijenga taratibu kwenye vijia vyembamba vya ile rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi. Juni ikiingia, dereva anafungulia joto kwa mara ya kwanza, anapata kioo chenye ukungu na zulia lililolowa.

Spea yenyewe ni kitu kidogo unachoweza kukibeba kwapani. Kinachokula siku nzima ni kufika ilipo. Ndiyo maana nitatumia muda mwingi kwenye vipimo kabla sijakwambia ushike bisibisi. Mfano wangu ni Toyota za miaka ya 1990 zenye usukani kulia, kama Corolla. Gari lako linaweza kuwa na mpangilio wake.

Hakikisha ni yenyewe

Rejeta ya hita inayovuja hutoa harufu tamu ndani ya gari, huacha utando wa mafutamafuta kwenye kioo cha mbele upande wa ndani, na kulanti hupungua bila tone kuonekana chini ya gari. Zulia la abiria nalo hulowa. Lakini zulia pekee lisikudanganye, kwa sababu mrija wa kutolea maji ya AC ukiziba, maji hurudi hapohapo. Gusa kwa kidole: maji ya AC hayana rangi wala harufu, kulanti ina rangi na inateleza. Usionje, ni sumu.

Kama hakuna kinachovuja ila hewa inatoka baridi, washa injini mpaka geji ya joto itulie mahali pake, weka hita kwenye joto la mwisho, kisha gusa kwa uangalifu ile mipira miwili ya kupitishia maji inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na kabini. Yote ya moto? Rejeta ni nzima. Angalia kilango kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi, au waya wake. Mmoja wa moto na mwingine umepoa? Njia imeziba, au valvu ya hita haifunguki. Yote baridi? Pima kulanti kwanza, kisha thamostati (valvu inayofungua njia ya maji injini ikipata moto), huenda imebaki wazi.

Iliyoziba usikimbilie kuibadili. Injini ikiwa imepoa kabisa, chomoa mipira yote miwili, ingiza maji ya bomba kwa presha ndogo kupitia tundu la kutokea ili uchafu urudi ulikotoka. Geuza upande, rudia, mpaka maji yatoke meupe. Usifungulie bomba lote, na usikubali ushauri wa kumimina maji ya betri au dawa ya choo: alumini ya humo ndani ni nyembamba, na asidi itakutengenezea tundu ambalo hukuwa nalo. Mara nyingi kazi inaishia hapa, na dashibodi inabaki salama.

Na kama inavuja ukiwa safarini, iruke: unganisha mipira miwili kwa kipande kimoja cha mpira kilichopinda, kaza klipu, endelea. Usizibe ncha tu na kuondoka, maana baadhi ya injini hutegemea njia hiyo kuzungusha maji kabla thamostati haijafunguka. Mtu wa Dar anaweza kuishi hivyo miaka. Anayeondoka Makete alfajiri ya Julai kioo kitamfungia.

Kabla ya kufungua

Andaa soketi namba 10 na 12, racheti yenye mkono mrefu, bisibisi ya nyota ndefu na fupi, plaizi, wembe mkali, beseni, nailoni na matambara. Tafuta pia vikombe vya kuwekea skrubu, kila eneo na kikombe chake. Piga picha kila plagi kabla hujaichomoa.

Nunua rejeta mpya ukiwa umeshika ya zamani au vipimo vyake: urefu, unene, kipenyo cha mirija na upande inakoelekea. Kabla hujailipia au kuifunga, ziba mrija mmoja kwa kidole, puliza kwa mdomo au pampu ya baiskeli upande wa pili, uizamishe kwenye beseni. Povu likitoka, irudishe dukani. Ya mtumba ndiyo kabisa usiifunge bila kipimo hiki.

Hatua ya 1: Betri na kulanti. Toa waya hasi wa betri. Gari likiwa na eabegi (mfuko wa hewa wa usalama), subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa plagi yoyote ya njano, na usizipime kwa mita. Fungua mfuniko wa rejeta kubwa ikiwa baridi tu, kisha mwaga kulanti kwenye chombo kinachofungwa. Mbuzi na mbwa huvutwa na utamu wake, nayo huwaua.

Hatua ya 2: Mipira. Legeza klipu, zungusha mpira kidogo ili uachie. Ukigoma, usiuvute. Upasue kwa wembe kwa urefu wake na ununue mwingine. Mrija ukipindwa huvunjika pale unapoungana na rejeta. Puliza hewa kwenye mrija mmoja ili maji yatoke kwa mwingine, kisha ziba yote miwili kwa tambara. Hapo hutamwaga kulanti ndani ya gari.

Hatua ya 3: Dashibodi. Anza na kiweko cha katikati ya viti, droo ya abiria, redio, kisha geji. Usukani unateremshwa tu kwa kulegeza bolti za chini ya nguzo yake. Huna sababu ya kuuchomoa. Matairi yaangalie mbele na usukani usizungushwe. Kitu kikigoma, usikivute kwa hasira, kuna skrubu bado hujaiona, mara nyingi pembeni karibu na mlango au chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Plastiki iliyokaa juani miaka thelathini haisamehi.

Kwenye hizi Toyota evapureta ya AC (ile inayopoza hewa) ina sanduku lake nyuma ya droo ya abiria, na hita iko katikati, hivyo mara nyingi unaweza kupita bila kugusa gesi. Gari lenye sanduku moja la vyote viwili ni jambo jingine: fundi wa AC aitoe gesi kwa mashine yake kwanza. Usilegeze mrija wa gesi mwenyewe. Gesi hiyo huunguza ngozi kwa baridi.

Hatua ya 4: Kubadili. Tandaza nailoni kwenye zulia. Toa sanduku la hita au, gari likiruhusu, vua kibano na uvute rejeta peke yake. Angalia vizuri humo ndani: majani, vumbi, kilango kinachokwama. Ukishafunga hutarudi huku kirahisi. Bandika sponji mpya kuzunguka kingo za rejeta. Hewa hupita penye upenyo, na bila sponji itapita pembeni ikitoka baridi wakati rejeta inachemka.

Hatua ya 5: Pima kabla ya kurudisha dashibodi. Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Funga mipira na klipu, jaza kulanti, lakini usiwashe swichi ya gari wakati plagi za eabegi zimechomolewa, taa yake itabaki inawaka. Azima pampu ya kupimia rejeta, ifunge mahali pa mfuniko, pandisha mpaka presha iliyoandikwa kwenye mfuniko wako, kama baa 0.9, usizidi. Acha robo saa. Sindano ikishuka, tafuta panapolowa. Ikitulia, rudisha dashibodi kwa mpangilio wa kinyume, na betri iwe ya mwisho.

Hatua ya 6: Kutoa hewa. Egesha gari pua ikiwa juu kidogo, hita kwenye joto la mwisho. Jaza taratibu ukiminya mipira. Mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyochujwa kwa mvuke unatosha. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, jazia kadiri kiwango kinavyoshuka. Maji yakianza kupanda, funga, acha mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima mara mbili. Ukisikia maji yanabubujika nyuma ya dashibodi, hewa bado ipo. Subiri ipoe, jazia, rudia. Geji ikipanda kupita kawaida, zima.

Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, angalia kiwango tena. Na lile zulia lililolowa, linyanyue pamoja na sponji iliyo chini yake, lioshe kwa maji mengi, lianike mpaka likauke kabisa. Ukiliacha na kulanti ndani yake, utando utarudi kwenye kioo na utadhani rejeta mpya nayo inavuja.