Ukiletewa notisi ya duka, mwezi usiishe hujajibu

Akina mama na ndugu zangu wenye maduka, somo la leo ni la karatasi moja tu. Ile bahasha ya kaki inayoletwa asubuhi ukiwa unapanga bidhaa. Ukiifungua, kodi imepanda kutoka shilingi 18,000 hadi 30,000, au umeambiwa uhame. Nimeuza leso hapa Mombasa miaka mingi, na wengi niliowaona wakitolewa madukani hawakushindwa kesi. Hawakufika hata kwenye kesi. Walinyamaza.

Mimi pia nilinyamaza mara moja. Bahasha ililetwa nimekwenda kuswali adhuhuri, akaipokea binti aliyekuwa akinisaidia, akaiweka chini ya mkasi na vipande vya kitambaa. Nikaja kuiona baada ya wiki 3. Nikamwendea mwenye nyumba, nikambembeleza, akaniambia, "Usijali mama, tutaongea." Nikarudi moyo umetulia. Hatukuongea. Siku iliyoandikwa ilipofika, kodi mpya ndiyo ikawa kodi, na nilipoulizwa barua yangu ya kupinga iko wapi, sikuwa na hata kijikaratasi.

Haya, tuanze.

Hatua ya 1: Jua kama sheria inakukinga. Kenya tuna Sura ya 301, sheria ya mwaka 1965 ya maduka, hoteli na mikahawa. Duka hapa si la kuuza bidhaa peke yake. Saluni, kinyozi, fundi cherehani, yeyote anayetoa huduma akalipwa, yumo. Unalindwa ikiwa hamkuandikiana mkataba wowote, au mmeandikiana wa muda usiozidi miaka 5. Hata mkataba mrefu zaidi unaingia, kama una kifungu cha kuuvunja ndani ya miaka 5 bila mtu kukosea. Watu huniambia kwa unyonge, "Mimi sina mkataba." Kwa sheria hii, usiwe mnyonge kwa hilo. Kutokuwa na mkataba ndiko kunakokuingiza.

Hatua ya 2: Andika tarehe juu ya bahasha, papo hapo. Kalamu, siku, saa, na nani aliipokea. Sheria inaruhusu notisi apewe mfanyakazi wako, au itumwe kwa posta ya rejista, na ikishapokelewa siku zinahesabika hata kama wewe uko safarini. Kwa hiyo mwambie anayekusaidia dukani: barua yoyote ya mwenye nyumba au ajenti, nipigie simu kabla hujaiweka chini.

Hatua ya 3: Isome. Notisi ya kweli huja kwa fomu maalumu, inayojulikana kama Fomu A. Lazima itaje sababu, ikupe muda usiopungua miezi 2 tangu uipokee, na ikutake ujibu kwa maandishi ndani ya mwezi 1 kama unakubali au hukubali. Ikikosa hayo ina kasoro, na kasoro hiyo ni silaha yako. Lakini nakusihi, usiitupe kwa kuwa ina kasoro. Anayeamua kwamba ni mbovu si wewe wala jirani yako wa duka la pili.

Hatua ya 4: Jibu kwa maandishi ndani ya mwezi. Hapa ndipo watu wanapoangukia. Barua haihitaji Kiswahili cha vitabuni wala Kiingereza cha wakili. "Nimepokea notisi yako tarehe 14 Juni. Sikubali kodi kupandishwa hadi 30,000. Nitapeleka jambo hili kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara." Tarehe, jina, sahihi. Fanya nakala 2, moja aipokee na kuitilia sahihi, nyingine ubaki nayo. Akikataa kutia sahihi, itume kwa posta ya rejista na utunze risiti. Kumbembeleza kwa mdomo si vibaya, ila barua itangulie.

Hatua ya 5: Nenda kwenye jopo kabla ya siku iliyoandikwa. Ndilo hilo jopo la kodi za majengo ya biashara, kwa Kiingereza Business Premises Rent Tribunal, linaloamua ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji wa duka. Kwa mfano wetu wa tarehe 14 Juni, notisi haiwezi kuanza kazi kabla ya tarehe 14 Agosti. Usingoje Agosti, peleka Julai. Ukishawasilisha, notisi inasimama mpaka jopo liamue, nawe unaendelea kulipa kodi ile ile ya zamani. Lipa kwa tarehe. Akiikataa mkononi, tuma kwa benki au M-Pesa na utunze ujumbe, kwa sababu ukiacha kulipa unampa sababu ambayo hakuwa nayo.

Jopo hutazama kodi ambayo duka kama lako lingepata sokoni, na mara nyingi kila upande huleta ripoti ya mthamini, mtaalamu wa kukadiria thamani ya majengo. Jambo moja watu hawalijui: thamani uliyoiongeza wewe haitakiwi kukurudia kama kodi. Vigae ulivyotandika kwa pesa zako, wateja uliowazoesha mlango huo, hayo huwekwa kando. Basi tafuta risiti za vigae, za rangi, za fundi wa umeme.

Na jopo likishapanga kodi, mwenye nyumba hawezi kukuletea notisi nyingine ya kodi mpaka miaka 2 ipite.

Maswali ya wanachama

*Dada wa saluni: Mama, mimi nimetumiwa WhatsApp tu, kwamba kuanzia mwezi ujao niongeze 5,000. Hiyo ni notisi?*

Si notisi, mwanangu. Haina fomu, haina miezi 2. Lakini ukianza kulipa hiyo 5,000 kimyakimya, kesho ataambia watu mlikubaliana. Mjibu kwa barua kwamba hukubali, uendelee na kodi ya kawaida.

*Kaka wa spea: Nina deni la miezi 3. Bado nina haki ya kupinga?*

Haki unayo, ila nitakuwa mkweli kwako. Kodi iliyopitisha miezi 2 bila kulipwa ni mojawapo ya sababu ambazo sheria inampa za kukutoa. Anza kupunguza deni leo, kwa njia inayoacha alama, na umwandikie utamaliza lini. Ukifika mbele ya jopo na risiti hata mbili, utasikilizwa tofauti na aliyekuja mikono mitupu.

*Mzee wa duka la dawa za asili: Amesema anataka kufanya biashara yake mwenyewe hapo.*

Ni sababu halali, mzee wangu, akiwa kweli anakusudia kukaa humo si chini ya mwaka 1. Aandike hivyo kwenye notisi, nawe upinge, athibitishe. Uliza: biashara gani, leseni iko wapi? Wako wanaosema hivyo ili wampangishe mwingine kwa bei ya juu.

*Mama wa mboga: Kibanda changu ni cha soko la kaunti.*

Hapo sheria hii haikufikii, dada yangu. Upangaji ambao serikali ni upande mmoja hauko ndani yake. Sheria ndogo za kaunti ndizo za kuzitafuta, na ni bora mwende kama kikundi.

*Na nyumba ya kuishi je?*

Kuna sheria nyingine ya kodi za nyumba, Sura ya 296, inakinga nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na mjini ni chache sana leo. Wengine wote tazameni mkataba. Kama hakuna na unalipa kwa mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua mwezi mzima.

*Kaka wa kinyozi: Mimi nimekuta kufuli mpya leo asubuhi. Mashine zangu zote ziko ndani.*

Kaka, acha hilo kufuli, usilivunje. Lipige picha sasa hivi, na mlango wote, na saa ionekane. Kapige ripoti polisi, chukua namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Kisha leo hii, si kesho, wasilisha kwenye jopo ombi la dharura: amri ya muda kwamba ufunguliwe na usisumbuliwe. Ukiipata, mpelekee mkuu wa kituo cha polisi ili isimamiwe. Andika pia orodha ya kila kitu kilichomo, mashine, kioo, viti, pesa kama ziliachwa. Nitumie namba yako, nitakuja tuandike pamoja.