Kukompaili Radiance mwenyewe: swichi chache, na moja iliyonihamishia ukuta

Kama kazi yako ni kukadiria mwanga wa mchana ndani ya nyumba kabla fundi hajashika mwiko, programu ya Radiance unaijua. Greg Ward aliianza miaka ya 1980 katika maabara ya Lawrence Berkeley, California, na tangu 2002 msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Wengi wetu hapa Unguja tunapakua ile iliyokwisha kukompailiwa, tunaiweka, kazi inaendelea. Haina ubaya. Mie ilinibidi niikompaili mwenyewe, yaani niugeuze msimbo kuwa programu, kwa sababu laptopu yangu ina RAM ya GB 4 tu, na niliyopewa ni nyumba nzima ya ghorofa tatu Mji Mkongwe, milango ya nakshi imechorwa msumari kwa msumari. Maelezo haya ni ya Ubuntu.

Hatua ya 1: Vifaa na msimbo

sudo apt install build-essential cmake git tcsh
git clone --depth 1 https://github.com/LBNL-ETA/Radiance.git

Hiyo --depth 1 usiiache. Bila hiyo unashusha historia yote ya mradi, na bando ni lako.

Hatua ya 2: Kwanza toleo la kawaida

Njia ziko mbili. Ya zamani ni skripti ya makeall: unaandika ./makeall install, inakuuliza programu zikae wapi, maktaba ikae wapi, kompyuta yako ni ya aina gani, kisha inakuonesha amri ya rmake na kuuliza kama unataka kuibadilisha. Hapo ndipo swichi, yaani maneno ya kuiamuru kompaila, zinapoingizwa. Inafanya kazi, lakini mie napenda CMake, kwa sababu kila toleo linapata folda yake na hayachanganyiki.

cmake -S Radiance -B kawaida -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release -DBUILD_HEADLESS=ON -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/rad-kawaida
cmake --build kawaida -j 2
cmake --install kawaida

Ukisahau Release, kompaila haitahangaika kuharakisha chochote, na picha ya saa moja itakulaza macho. BUILD_HEADLESS inaacha programu za kutazama kwenye skrini, kama rvu na ximage. Ukizihitaji itoe, lakini uweke pia maktaba za X11 na OpenGL. Namba 2 baada ya -j ni kazi mbili kwa wakati mmoja. Mwenye RAM ya kutosha apandishe.

Kisha kwenye .bashrc:

export PATH=$HOME/rad-kawaida/bin:$PATH
export RAYPATH=.:$HOME/rad-kawaida/lib

Ukiona inalalamika haikuti rayinit.cal, basi mstari wa pili umekosewa.

Hatua ya 3: Liulize jua

Kabla hujagusa swichi nyengine, hakikisha hili la kawaida lina akili, kwa gensky, programu yake ya kutengeneza jua na mbingu:

gensky 6 21 12 -a -6.16 -o -39.2 -m -45

Angalia alama. Gensky inahesabu longitudo kwenda magharibi, kwa hiyo sisi wa mashariki tunaandika hasi. Latitudo nayo ni hasi kwa kuwa tuko kusini ya ikweta. Wala haijui saa za Kiswahili: saa sita mchana iandike 12.

Katika majibu tafuta mwelekeo wa jua, namba tatu zinazofuatana. Uwe umepata kama 0.10, 0.49 na 0.86. Ile ya katikati ndiyo ya kushika. Chanya maana yake jua liko kaskazini, na kweli mwezi wa Juni jua la adhuhuri kwetu linakaa upande wa kibla. Ukiona hasi, umesahau -a na wenzake, na nyumba yako ya Shangani inamulikwa na jua la California, maana huko ndiko gensky inakodhani uko usipoiambia.

Hatua ya 4: Swichi ya kasi

-march=native inaiambia kompaila itumie kila ujuzi wa prosesa ulionao. Jaribu ukipenda, faida yake utaiona mwenyewe kwa kupima na amri ya time. Ila usiinakili kwenye flashi ukampelekea mwenzio. Nilifanya hivyo, na kwenye kompyuta yake ya zamani kila programu ilikufa palepale na maneno "Illegal instruction". Kila mtu akompaili ya kwake.

Hatua ya 5: SMLFLT, mahali nilipojikwaa

Radiance huhifadhi viwianishi vya kila pembe, yaani namba zinazosema iko wapi, kwa namba za baiti 8. Ukiwasha SMLFLT inatumia baiti 4. Fungua src/common/fvect.h ujionee: mistari michache tu, na inabadilisha mambo mawili, si moja. La kwanza ni ukubwa wa namba. La pili ni FTINY, kipimo cha kinachohesabiwa kuwa sawa na sifuri, kinachotoka 0.000001 kuwa 0.001. Ukichora kwa mita, hiyo ni milimita moja.

cmake -S Radiance -B ndogo -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release -DBUILD_HEADLESS=ON -DCMAKE_C_FLAGS="-DSMLFLT" -DCMAKE_CXX_FLAGS="-DSMLFLT" -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/rad-ndogo

Iweke kote kuwili, C na C++, kisha ujenge na kuiweka kama mwanzo. Na folda iwe mpya kabisa: vipande vya baiti 8 vikikutana na vya baiti 4 ndani ya programu moja, utapata matokeo ya kichaa.

Nikawasha, RAM inayotumika ikapungua, nikafurahi. Picha ilipotoka, chumba cha nyuma, ambacho dirisha lake ni kama kitabu, kinang'aa kama baraza. Nikashuku rangi ya chokaa. Nikashuku -ab, idadi ya mara mwanga unavyodunda. Nikakesha siku mbili nabadilisha hivi na vile. Siku ya tatu nikagundua kitu: kuta zilizotazama kaskazini na kusini ndizo mbovu, za mashariki na magharibi ziko salama. Ukuta mmoja wa sentimita 60 umekuwa wa mita nzima, mwengine umekwisha, nyuso zake mbili zimelaliana.

Mchoro ule ulitoka kwa mpima ardhi ukiwa na viwianishi vya UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, kanda ya 37 kusini. Mji Mkongwe kwenye kipimo cha kaskazini ni zaidi ya 9,318,000. Namba ya baiti 4 ikishavuka 8,388,608 haishiki tena sehemu ya mita. Inajua mita kamili tu. Kipimo cha mashariki ni kama 521,000, na hapo bado inashika hatua za sentimita 3, ndiyo maana kuta zile zilinidanganya kuwa nzima.

Dawa ni kuhamisha mchoro mzima karibu na sifuri, na ufanye hivyo ndani ya programu ya kuchorea. Ukiacha mpaka uje utumie xform, programu ya Radiance ya kuhamisha michoro, ya toleo hilihili dogo, umechelewa, kwa sababu nayo inasoma kwa baiti 4.

Hatua ya 6: Linganisha

Chagua nukta moja ndani ya chumba, uipime kwa matoleo yote mawili, kila moja na faili lake la oct, yaani mchoro uliokwisha kuandaliwa kwa Radiance:

echo "2.1 1.4 0.8 0 0 1" | rtrace -h -I -ab 3 nyumba.oct | rcalc -e '$1=179*(.265*$1+.670*$2+.065*$3)'

Jibu ni lux, kipimo cha mwanga. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Likiwa kubwa mara mbili au tatu, usianze na rangi kama nilivyoanza mie. Anza na viwianishi, kisha tafuta vitu vyembamba kuliko milimita. Kwangu, baada ya kuhamisha mchoro, iliyobaki na kasoro ilikuwa misumari ya mlango tu, nikaifuta. Rad-kawaida ndiyo inayokaa kwenye PATH. Rad-ndogo naiita kwa njia yake kamili, siku ambayo RAM imekwisha.