Maski za oksijeni zikidondoka ndani ya ndege, anza na yako ndo umvalishe mtoto

Wazazi mnaopanda ndege na watoto naomba mnielewe hapa. Kule futi 35,000 oksijeni bado ni ile ile asilimia 21 kama ya Tanga, kinachopungua ni presha ya hewa, na presha hiyo ikishuka hata uhemee vipi oksijeni haisukumwi kuingia kwenye damu. Ndo maana ndani ya ndege wanaongeza presha, japo unakuwa kama umekaa futi 6,000 hadi 8,000, Nairobi hivi au juu yake kidogo.

Sasa hiyo presha ikiondoka ghafla kule juu una sekunde 30 mpaka 60 za akili timamu basi, baada ya hapo unaiona maski inaning'inia mbele ya macho na mkono hauendi. Kwa hiyo ivute chini kwa nguvu, kule kuivuta ndo kunafungulia oksijeni, funika pua na mdomo, kaza mpira, uhemee kawaida, mfuko wa maski usipojaa usihangaike hewa inakuja. Halafu mtoto. Akilegea sekunde chache bado utamuwahi, ukilegea wewe hapo nani atamvalisha? Oksijeni inatosha kama dakika 12 hivi, rubani anatakiwa awe ameshusha ndege mpaka futi 10,000.

Kinachonitisha mimi ni kwamba kukosa oksijeni hakuumi kabisa, mtu anajisikia raha, anacheka cheka, anajiona yuko fiti. Mwaka 2005 ndege ya shirika la Helios kutoka Cyprus kwenda Athens swichi ya presha iliachwa kwenye manyuo, yaani haijiendeshi yenyewe, alamu ikalia marubani wakadhani ni tatizo lingine wakaendelea kupanda, wakazimia, watu wote 121 wakafa.

Dalili nyingine ni kichwa chepesi, ganzi vidoleni, kuona giza pembeni, kucha na midomo kuwa bluu. Ukiwa na hina au rangi kwenye kucha hautaona kitu, angalia ndani ya mdomo.

Pombe iache kabla ya safari maana inazuia seli kuitumia vizuri oksijeni, na moshi wa sigara unashika nafasi yake kwenye damu. Mwenye siko seli au upungufu mkubwa wa damu asikate tiketi kabla hajaongea na daktari wake, kuna wanaohitaji kuwekewa oksijeni safari nzima na shirika la ndege linatakiwa lijue mapema, ukisema pale kaunta siku ya safari umechelewa.