Kabla hamjaacha king'amuzi cha kulipia

Wenzangu wa Kisumu mnaotaka kuachana na king'amuzi cha kulipia kila mwezi: kile kijiti kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI la runinga ili kuonyesha vipindi vya intaneti kinafaa, ila pigeni hesabu ya bando kwanza. Picha ya HD hula takriban GB 3 kwa saa, kwa hiyo mechi moja, pamoja na mapumziko, ni kama GB 6. Bila waifai ya mwezi, bando za simu zitawamaliza. Umeme kipeni kutoka ukutani. Tundu la USB la runinga mara nyingi halitoshi, kijiti kinajizima katikati ya penalti. Na antena ya paani msiing'oe! Citizen, KBC na NTV ni za bure, intaneti iwepo isiwepo, mradi runinga ipokee DVB-T2, yaani mfumo wa matangazo ya dijitali ya antena.