Jinsi ya kumficha mtoa taarifa bila kuficha hatari

Dodoma hatuna bahari, ila mezani kwangu hufika taarifa za watu wa majini: nusura ajali kwenye mitambo ya gesi, mzigo ulioponyoka kwenye kreni, vali iliyogoma kufunga. Kampuni moja ikinusurika, nyingine nazo zinapaswa kujua. Lakini aliyeandika anaogopea kibarua chake, na ana haki ya kuogopa.

Hatua ya 1: Mpokeaji asiwe mwenye fimbo. Taarifa isipitie kwa meneja wala kwa mkaguzi anayetoza faini. Marekani, ambako mlipuko wa Deepwater Horizon, mtambo wa kuchimba mafuta baharini, mwaka 2010 uliua watu 11, fomu za SafeOCS, mpango wa kupokea kwa siri taarifa za usalama wa mafuta na gesi baharini, hupokelewa na ofisi ya takwimu za uchukuzi. Mdhibiti wa mafuta baharini haoni fomu ghafi, na mtumishi anayevujisha siri hizo anaweza kufungwa hadi miaka 5. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini usiitegemee peke yake. Kampuni zisaini makubaliano kabla hujapokea karatasi ya kwanza.

Hatua ya 2: Fomu iwe fupi. Nini kilitokea, nini kilizuia msiba, nini kirekebishwe. Namba ya simu ikae karatasi ya pembeni. Ukishampigia na kuelewana, ichane.

Hatua ya 3: Futa utambulisho. Hapa ndipo wengi huharibu, maana hufuta jina tu. Chukua mfano huu (kibali cha kazi hapa ni karatasi inayoruhusu kazi ya hatari ianze):

"Jumanne saa 9 usiku, nikiwa fundi umeme pekee wa zamu, nilikuta kibali cha kazi kinasema pampu imekatiwa umeme, kumbe swichi haina kufuli."

Jina halimo, lakini "fundi umeme pekee" ni jina tosha. Mimi huandika hivi:

"Zamu ya usiku, mfanyakazi alikuta kibali cha kazi kinaonyesha pampu imekatiwa umeme ilhali swichi haijafungwa kwa kufuli."

Siku na cheo vimeondoka. Usiku umebaki, kwa sababu uchovu na makabidhiano ya zamu ni sehemu ya hatari. Kibali nacho hakiguswi: kwenye Piper Alpha, mtambo wa mafuta wa Bahari ya Kaskazini, mwaka 1988 walikufa watu 167 baada ya zamu ya usiku kuwasha pampu iliyotolewa vali ya usalama. Kibali kilikuwepo, hakikuwafikia.

Kisha jiulize: maelezo haya yanaweza kuwa ya watu wangapi? Wakiwa chini ya watano, panua zaidi. Nilipokuwa mgeni kazini niliwahi kuacha neno "mpishi" kwenye muhtasari. Mpishi alikuwa mmoja tu, na alihojiwa kesho yake. Bado linaniuma.

Hatua ya 4: Changanya kabla ya kusambaza. Subiri taarifa za kampuni zaidi ya moja, uandike mwezi badala ya tarehe. Kifaa kibovu hakisubiri: tuma onyo siku hiyohiyo, utaje kifaa, usitaje mtambo.

Hatua ya 5: Rudisha jibu. Bandika ubaoni kantini kilichorekebishwa. Na mtambo uliokuwa ukileta taarifa ukinyamaza ghafla, usiandike kwamba hali ni shwari. Ulizia kwanza kama kuna mtu ameitwa ofisini.